Neno Hung'olewa na Mizizi Yake

Neno lilimwingia Skolastika kwa ladha kwanza. Maji ya baridi yenye kutu, yaliyokaa muda mrefu ndani ya bati. Kisha ukaja mkanda unaokata bega, na jua la mahali penye mawe meupe, na kijana mmoja mwenye pengo akicheka huku anakohoa kwa sababu maji yamempalia. Mwisho kabisa, kama mgeni anayesubiri wenyeji wamalize shughuli zao, likaingia neno lenyewe.

"Cantimplora," alisema, na ulimi wake ukalitamka kana kwamba umelelewa nalo.

"Ni nini hiyo?" aliuliza Daktari Eliakunda, macho yake kwenye kioo cha mashine.

"Chupa ya maji ya askari, Daktari. Ile ya kuning'iniza begani."

"Na umeona nini?"

"Yule kijana tena."

Daktari alivuta pazia lililogawa chumba. Upande wa pili Eusebio Huanca alikuwa ameshaketi kitandani, anajikuna pale nyuzi za kofia ya mashine zilipombana. Daktari alimwonyesha chupa ya jeshi, kuukuu, yenye kifuniko cha mnyororo.

"Kihispania hii inaitwaje?"

Eusebio aliigeuza, akaitikisa karibu na sikio, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani sokoni na jina limempotea.

"Hii ya maji," alijibu kwa Kiswahili. "Hii... ya maji."

Skolastika aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Kumeza neno, kama makuruta walivyoita, kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumtazama usoni mwenye neno lake.

Mashine ile haikutengenezwa kwa ajili ya vita. Ilitengenezwa kwa wagonjwa wa kiharusi waliopotewa na usemi, ili mke amgawie mumewe maneno ya nyumbani, na binti amgawie mama majina ya wajukuu. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba neno halinakiliki. Si mbegu ya kuchota ghalani. Ni mche, na mche ukiuhamisha unaung'oa na udongo wake. Wale wa mwanzo hawakulalamika, maana ni nani atakayemhesabia mamaye maneno mawili matatu? Baadaye jeshi liliikopa mashine, na hapo ndipo watu walipoanza kuona udongo unaoganda kwenye mzizi mmoja ni mwingi kiasi gani.

Na jeshi liliikopa kwa sababu ya aibu. Kikosi cha kwanza cha amani kilichopelekwa Vallehondo, nchi ya milima ng'ambo ya bahari mbili ambako ndugu walikuwa wanauana, kilikwenda na vijitabu vya Kihispania mifukoni. Kilirudi na majina ya watu waliopigwa risasi wakiwa wanaomba kuishi. Walikuwa wanaomba kwa lugha ambayo bado ilikuwa mfukoni. Tangu hapo ikawa sheria: hakiondoki kikosi bila mbebaji, mtu mmoja mwenye maneno yote ya vita mwilini mwake. Kila mbebaji na mtoaji wake. Huyu atoe kwa hiari, huyu apokee kwa hiari. Mmoja akikataa, kofia hazivaliwi.

Skolastika Mbano, binti wa Peramiho aliyeacha shule darasa la tano na asiyependa kusema mbele za watu, ndiye aliyekuwa mbebaji wa kikosi chake katika kambi ya Lihanje. Wengine walijaribiwa wakatapika. Yeye mwili wake ulikubali. Eusebio alikuwa koplo wa jeshi lililoshindwa kule kwao Vallehondo. Alikuja kama mkimbizi, akapewa hati ya kuishi, akajifunza Kiswahili jikoni na shambani kama anavyojifunza mtu yeyote. Alipoulizwa kama angetoa maneno yake ya askari, alisema, "Chukueni. Mimi ya kufanyia nini tena?"

*

"Mngoni!" Koplo Faustini Kihwele aliita kutoka mwisho wa mesi, sahani mkononi. "Leo kuna nyama. Panya wamekwisha, uvumilie hivyo hivyo."

Skolastika, ambaye mbele ya maofisa hakuwa na sauti, kwa Kihwele hakukosa jibu. "Nyama ya nini, Mhehe? Mbwa wa getini sijamwona tangu asubuhi, na mpishi ni wa kwenu Kalenga."

"Alikuwa mnene. Mungu ampumzishe."

Meza nzima ikacheka, na Eusebio naye. Siku zake za kwanza alikuwa akishtuka, akisubiri sahani zirushwe. Aliuliza mbona watu hawa hawapigani. Kihwele alimjibu, "Mababu zetu walishapigana, ndugu yangu. Walichinjana mpaka wakachoka. Sisi wamebakisha matusi tu, ndiyo tunayatumia taratibu."

Daktari Eliakunda aliingia kabla nyama haijaisha. Alisimama karibu na Skolastika akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kazi ilikuwa imekwenda vizuri, maneno ya silaha yamekwisha, ya amri yamekwisha, ya majeraha na dawa yamekwisha, na kesho wangeanza kundi la mwisho, la kujisalimisha. "Manos arriba. No tiren. Me rindo. Hayo ndiyo yanayotupeleka kule."

Kijiko cha Eusebio kilisimama hewani. Alikirudisha kwenye sahani polepole, akainuka, akatoka bila kuaga.

Skolastika alimkuta nyuma ya jiko, penye rundo la kuni za mlingoti. Alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono kati ya magoti. Naye akakaa gogo la pili.

"Yule kijana unayemwona," Eusebio alisema baadaye. "Mwenye pengo."

"Ndiyo, kaka."

"Unamjua jina?"

"Hapana. Huwa anacheka tu."

"Nicanor. Mdogo wangu. Tuliingia jeshini siku moja. Kila kitu cha askari nilijifunza yeye akiwa ubavuni, ndiyo maana yumo kwenye maneno yote. Ulipochukua lile la handaki, najua uliondoka na usiku mmoja wake. Sijui usiku gani. Najua tu kwamba pana shimo." Aliokota ganda la mti akaanza kulivunja vipande. "Nilijiambia si kitu, amebaki mwingi. Sasa amebaki mahali pamoja."

Skolastika alisogea karibu.

"Jeshi letu lilikuwa limevunjika. Tulikuwa chini ya daraja, mimi na yeye. Juu walikuwa askari wenu. Nguo kama hizo zako. Yeye aliogopa, alikuwa anataka tungoje giza. Mimi ndiye niliyemwambia, toka, inua mikono, sema me rindo kwa sauti. Hawa ni watu wa amani, watakusikia. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika, akainua ule mmoja. Akasema. Alisema vizuri, Skola. Alisema kama darasani."

Vipande vya ganda vilimdondoka.

"Mimi nilitoka baadaye, kimya. Nililala kifudifudi tu barabarani. Na mimi niko hapa nakula nyama."

*

Asubuhi Skolastika alikwenda mwenyewe kwa Daktari. Alisahau hata kupiga saluti.

"Sipokei," alisema.

Daktari alivua miwani. "Eusebio amekataa?"

"Yeye hajasema. Ni mimi. Yule mtoto alikwisha kufa mara moja, Daktari. Nikimchukua, nitakuwa nimemuua tena."

Daktari Eliakunda hakuwa mtu mbaya. Alikaa akafikiri, kisha akasema kwamba sheria ilikuwa upande wa Skolastika. Kama angeweza kuyajua maneno yale kwa njia ya kizamani, kwa mdomo na masikio, na akafaulu jaribio la uwanja wa moshi, yeye angetia sahihi. Wasingehitaji mashine.

Basi Skolastika akajifunza. Alipewa sauti zilizorekodiwa, kwa kuwa Eusebio hakustahimili kuyarudia kila siku. Akayasema akifua, akayasema akipiga deki. Me rindo, najisalimisha. No tiren, msipige. Manos arriba, mikono juu. Kihwele akawa anamvizia mlangoni na kupaza moja, naye anamjibu maana yake kabla hajamaliza. Mpaka mpishi akayashika, ukimwomba ukoko anainua mwiko na kupiga kelele, "Me rindo!" Skolastika alicheka siku zile. Aliona njia imepatikana, na hakuna mtu atakayeumia.

Uwanja wa moshi ulikuwa bondeni, vijumba vya matofali visivyo na paa. Sanamu zilichomoza madirishani na nyuma ya kuta, nyingine zikiwa na bunduki, nyingine mikono mitupu, na kila moja ilikuwa na kipaza sauti kifuani. Zilipiga kelele zote pamoja kwa Kihispania, za vitisho na za kuomba, katika milio ya baruti na vumbi. Risasi zilikuwa za mpira. Mpigaji hakuwa na muda hata wa kumeza mate.

Skolastika aliingia na Kihwele nyuma yake. Kwenye kona ya kwanza sanamu ilichomoza ikapaza sauti, naye akapiga. Kona ya pili hali kadhalika. Alisikia kila sauti. Kila moja aliielewa. Lakini maana ilikuwa ikimfikia kama mtu anayekuja mbio kutoka mbali akipunga mkono, na kidole kilikuwa kimekwisha fanya kazi yake.

Moshi ulipotulia Kihwele alikwenda kutazama sanamu zilizolala. Alirudi hana utani hata mmoja.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, afande."

"Ulielewa?"

"Nilielewa. Baadaye."

Walirudia, na walirudia tena siku ya pili. Alipojizuia, zile zenye bunduki zikampiga yeye na Kihwele. Alipoacha kujizuia, zenye mikono mitupu zikalala. Maneno ya mashine, yale aliyokwisha kuyameza, yalikuwa hayamchelewei hata kidogo: kipaza sauti kikisema mina, yaani bomu la ardhini, mguu ulirudi wenyewe. Haya ya kukariri yalikaa kichwani, na kichwa kilikuwa mbali mno na mkono.

Mara ya mwisho alipotoka, Eusebio alikuwa amesimama nje ya uzio wa waya. Alikuwa ametazama yote.

*

"Twende kwa Daktari kesho," alimwambia.

"Sitaki, kaka. Waambie watafute mbebaji mwingine."

"Mwingine atamchukua vilevile. Bora wewe. Wewe unainamisha uso."

"Nikimchukua, utabaki na nini?"

"Usingizi." Alijaribu kutabasamu. "Sijalala vizuri tangu daraja lile."

"Hiyo si sababu."

"Sio." Alishika waya kwa mikono miwili. "Kuna mwingine kule, Skola. Jina lake silijui. Sasa hivi yuko chini ya daraja lingine, na kaka yake anamwambia, toka, sema, watakusikia. Nikikaa na Nicanor wangu, nimeketi tu na maiti. Wewe ukiwa naye, yule mwingine anapanda juu anasikika."

Skolastika alilia pale pale kwenye waya, kwa sauti ndogo kama kawaida yake. Eusebio alimngoja.

"Nina ombi moja," alisema. "Hakuzikwa mbele ya mtu wake. Hakuna aliyemlilia. Baada ya kofia sitajua kama kuna wa kumlilia. Nataka nimlilie leo."

Msiba ulitandikwa nyuma ya jiko. Mpishi alitandaza mikeka, akatoa sufuria la chai. Askari walipopata habari walikuja mmoja mmoja, wakivua kofia, wakimpa Eusebio mkono. "Pole, ndugu yetu." "Pole sana kwa mdogo wako." Walikaa chini, wanawake upande huu, wanaume upande ule, kama vile jeneza liko ndani. Eusebio aliketi katikati mkavu kama gogo. Alikuwa ametaka kulia, na kilio kilikuwa hakiji.

Ndipo Koplo Kihwele aliposimama.

"Mtani wa marehemu ni nani hapa?"

Watu walitazamana.

"Msiba hauna mtani?" Kihwele aliuliza. "Huo si msiba, ni mkutano. Haya. Mababu zangu waliwaua mababu wa huyu Mngoni, na wao wakawaua wa kwetu. Kwa ajili hiyo, akifa leo, mimi ndiye wa kumtukana mpaka kaburini, na hakuna wa kunigusa. Sasa Nicanor aliuawa na nani? Ni sisi. Nguo hizi. Basi watani wake ni sisi, tusijifiche." Akamgeukia Eusebio. "Alikuwa anatembeaje?"

"Nini?"

"Mdogo wako. Alikuwa anatembeaje?"

Eusebio alijibu kwa kuduwaa. Kama mtu anayeruka madimbwi, alisema. Na kamba za viatu zilikuwa zikiburuta, hakuwahi kujua kuzifunga.

Kihwele aliinama akafungua kamba za buti zake. Akaanza kuuzunguka mkeka, akiruka madimbwi yasiyokuwapo, kamba zikimfuata vumbini, kifua mbele kama jogoo. "Huyooo! Askari wa Vallehondo! Adui wa kazi gani, viatu vyenyewe vinamshinda! Mfungeni kamba kwanza ndipo mumpe bunduki!" Wanawake wakacheka, wakipiga makofi, kama wanavyocheka kwao misibani. Hakuna aliyekumbuka kwamba Eusebio alijua utani wa mesi tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huwa unamfuata mtu hata akishakufa.

Eusebio aliinuka na kumpiga Kihwele ngumi ya mdomo.

Kihwele alirudi nyuma hatua, akafuta damu kwa mgongo wa mkono, akaitazama. Hakukunja ngumi. Kwa upole kabisa alisema, "Hata hivyo, kamba zilimshinda."

Kitu kama kikohozi kilimtoka Eusebio, kisha kingine, na watu wakatambua kwamba anacheka. "Mama ndiye aliyemfungia," alisema. "Asubuhi tunaondoka. Alipiga magoti mlangoni akamfunga, na yeye tayari ana bunduki begani. Hapo..." Sauti ilikatika. Kilio kikaja chote kwa pamoja, kikimwangusha, na aliyemdaka ni Kihwele. Mpishi alianza wimbo wa kanisani, na waliokuwa wakicheka sasa hivi wakawa wanalia pamoja naye.

Jua lilipokuwa linashuka, watu wakikunja mikeka, Eusebio alimvuta Skolastika pembeni. Macho yalikuwa yamevimba, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Kesho nikikuuliza, niambie. Nisipouliza, usinitwike mzigo."

"Sawa, kaka."

"Ahidi."

"Naahidi."

*

Lilikuja kwa harufu ya mto. Tope na majani yanayooza, na saruji yenye unyevu na ukungu juu ya kichwa. Halafu mnong'ono, na mnong'ono ulikuwa unatoka kinywani mwake Skolastika mwenyewe, kwa sauti ya kiume: toka, watakusikia. Aliona kisogo, nywele zilizokatwa vibaya na kisu. Aliona buti zikipanda mawe, kamba zikiburuta.

Na akaona jambo ambalo Eusebio hakulisimulia gogoni, labda kwa sababu hakuweza. Kabla ya kutokeza kwenye mwanga, Nicanor aligeuka. Alimtazama kaka yake kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu kabla ya kujibu, kutaka kujua kama anafanya sawasawa. Na kinywa cha Skolastika, kinywa cha Eusebio, kilitabasamu na kichwa kikakubali. Ndiyo. Hivyo hivyo.

Mkono mmoja ukapanda. Juu kule zilikuwa nguo alizozijua, rangi alizopiga pasi asubuhi ile. Sura hazikuonekana, jua lilikuwa nyuma yao.

Neno likaja mwisho, safi, kwa sauti ya kijana. Likashika mizizi ndani yake papo hapo, mpaka kwenye vidole.

"Me rindo," Skolastika alisema, na kabla Daktari hajauliza maana, bunduki asiyokuwa nayo ilikuwa imekwisha kushuka mikononi mwake.

*

Mchana malori yalikuwa yanapakiwa uwanjani. Skolastika alikaa kwenye ngazi ya zahanati, mkoba wake miguuni, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Alikuwa anamlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona, na alikuwa akimjua kuliko watu wa nyumbani kwao. Alijua alivyokuwa akilala mdomo wazi. Alijua mama yao, jinsi goti lake lilivyoalika alipopiga magoti mlangoni.

Upande wa pili wa uwanja Eusebio alikuwa ameamka. Alisimama na Kihwele akijitazama vidole vya mkono wa kulia, vilivyovimba.

"Nilijigonga wapi?"

Kihwele, mdomo wake umevimba vilevile, alimtazama kitambo. "Mlangoni, ndugu yangu," alisema. "Milango ya hapa ni mibaya." Akageuka haraka kwenda kuhimiza wapakiaji.

Eusebio alikuja kwenye ngazi na kipande cha mkate. Hatua zake zilikuwa nyepesi, kama za mtu aliyetua gunia. Alipoyaona machozi alisimama.

"Skola. Kuna nini? Umefiwa?"

Alitaka kusema hapana. Ulimi ulikataa. "Ndiyo, kaka."

"Na nani?"

Skolastika aliitafakari ahadi. Aliuliza, au hakuuliza? Hilo lilikuwa swali lake yeye, la mtu mwema kwa mtu anayelia, na halikuwa na kaka wala daraja ndani yake. Lakini lilikuwa swali.

"Mdogo wangu," alisema. "Nicanor."

Alimtazama usoni, akitafuta hata unyasi mmoja uliosalia. Eusebio alirudia jina taratibu.

"Nicanor. Jina la kwetu hilo."

"Ndiyo. La kwenu."

"Jina zuri." Akaketi kando yake, akauweka mkate juu ya goti bila kuula, kwa kuwa alikuwa amejifunza katika kambi ile kwamba hutakiwi kula mbele ya mfiwa kabla hujauliza habari za maiti wake. "Aliugua?"

"Vita."

"Maskini. Aliacha neno?"

Honi ya lori ilipigwa. Skolastika hakuinuka.

"Alisema, me rindo."

Eusebio alilitia kinywani kama mtoto anayeonja tunda geni. Alilisema vibaya mara ya kwanza, mara ya pili nafuu. "Maana yake nini?"

"Najisalimisha. Msinipige."

"Na hawakumsikia?"

"Walimsikia. Hawakuelewa."

Eusebio alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Alimshika Skolastika mkono kwa mkono wake uliovimba, mikono miwili juu ya ule mmoja, kama wanavyopeana pole.

"Ni uzembe," alisema, na hasira kidogo ilikuwamo, kwa niaba yake. "Angejifunza hata mmoja wao. Mmoja tu. Si neno gumu."